Kompyuta Chini ya Kitambaa

Soko la Kongowea, Mombasa, lilikuwa limefurika Jumamosi ile ya Februari, mwaka wa 1993. Malori ya nyanya yalikuwa yameingia tangu alfajiri, wachukuzi waliomba njia kwa sauti za ukali, na harufu ya maembe yaliyoiva kupita kiasi ilichanganyika na ya vitunguu na jasho. Katikati ya msukosuko huo msichana mmoja alikuwa ameketi juu ya makasha mawili matupu ya nyanya kana kwamba ni kochi la nyumbani kwao. Mbele yake alisimama kijana mwenye tai, akijifuta uso.

"Dada, makasha hayo nimeshaelewana na mwenyewe."

"Kwanza habari za asubuhi," msichana alisema.

"Nzuri. Yaani, habari za asubuhi."

"Njema. Sasa sema. Nyinyi watu wa bara huzungumza kama mnaokimbilia gari moshi."

Jina lake Nyamvula. Alivaa gauni la manjano lililofuliwa mara nyingi hata rangi ikawa laini, na leso nyekundu ameifunga kiunoni. Nywele alisuka mistari myembamba iliyokwenda nyuma. Kijana aliitwa Wafula. Shati lake lilikuwa jeupe, tai ya buluu, na viatu alikuwa amevipiga rangi vikang'aa kabla ya kukanyaga maji ya samaki.

"Mimi nataka kufungia mashine," alisema. "Wewe unayatakia nini?"

"Nayakata vipande. Nina watoto hamsini."

Wafula alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wa darasa la tano, bwana," Nyamvula alisema. "Mimi ni mwalimu. Ulidhani nini?"

"Sikudhani kitu."

"Umedhani. Uso wako umesema. Mashine gani hiyo inayofungwa kwenye kasha la nyanya?"

"Kompyuta. Ofisi yetu imeleta mpya. Hizi za zamani zinakwenda stoo."

"Zimeharibika?"

"Hapana. Zimezeeka tu."

"Zikifika stoo zitafanya nini?"

"Hazitafanya kitu. Zitakaa."

Nyamvula alisimama. Mzaha ulikuwa umemtoka usoni. "Yaani mna kompyuta nzima, inawaka, na mnaipeleka gizani ikae, na mimi huku nakata makasha ya nyanya ili watoto wapate cha kuigizia kompyuta?"

Wafula alikuwa fundi wa kompyuta wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, na hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Alichukua kasha moja, akamwachia moja, akamwomba amwonyeshe jinsi kompyuta ya nyanya inavyofanya kazi.

"Njoo Jumatano," alisema Nyamvula. "Uvue hiyo tai. Watoto watadhani umekuja kukagua."

Jumatano alikwenda, na tai hakuivua. Shule ile ya msingi ilikuwa Mishomoroni, nyuma ya msikiti, na darasa la tano lilikuwa na kelele kushinda soko. Sakafuni palitandazwa vibao vilivyopakwa rangi. Vya kijani viliandikwa MBELE, vya manjano KULIA na KUSHOTO. Kila kibao kilikuwa na jino upande mmoja na pengo upande wa pili, ili kimoja kiingie katika kingine. Kimoja kikubwa chekundu kilikuwa na umbo la mdomo ulio wazi. Hicho kiliandikwa RUDIA, na vibao vyovyote ulivyoviweka ndani ya mdomo wake vilifanywa tena na tena.

Mtoto mmoja alifungwa macho kwa leso ya mwalimu. Wenzake walipanga vibao kumtoa mlangoni hadi kwenye mtungi wa maji, kisha wakamsomea kimoja kimoja, naye akatii bila kuongeza wala kupunguza. Walisahau kibao kimoja cha KUSHOTO. Mtoto akaenda moja kwa moja akaligonga kabati.

Darasa zima liliangua kicheko, na Nyamvula alicheka kuliko wote.

"Nani amekosea?" aliuliza. "Aliyegonga?"

"Hapana, mwalimu," msichana mwembamba wa mbele alijibu. Aliitwa Dhahabu, ana miaka kumi na mmoja. "Yeye ametii. Sisi ndio tuliopanga vibaya." Alikwisha kupiga magoti anakitafuta kibao kilichosahauliwa.

Wafula alisimama mlangoni muda mrefu. Yeye alijifunza programu chuoni, kwa Kiingereza, akiwa na miaka ishirini na miwili, na alilia mara mbili kwa siri kabla hajaelewa kitu ambacho mtoto huyu alikieleza akiwa magotini sakafuni.

Ndivyo alivyopenda. Alipenda kicheko kile kwanza, kisha mwenye kicheko.

Alimsumbua meneja wake hadi kompyuta moja ikatolewa stoo ikaletwa Mishomoroni. Kisha jioni baada ya jioni alikaa kuandika programu. Kwenye kioo vilitokea vibao vilevile vya Nyamvula, kijani na manjano na mdomo mwekundu. Mtoto angevisogeza kwa vitufe vya mishale, akavipanga, na alama ndogo ya pembetatu ingetembea kwenye kioo ikichora alichoagizwa.

Simu ya shule ilikuwa moja, juu ya meza ya Mwalimu Nzai, mwalimu mkuu. Mwalimu Nzai alikuwa mtu mnene, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakuwa na tabia ya kutoka nje mtu mwingine anapoongea.

"Mpenzi," Wafula alisema siku moja upande wa pili wa waya, "kibao cha RUDIA kimekubali."

"Vizuri, bwana fundi," Nyamvula alijibu, mgongo wima.

"Niseme tena? Mpenzi, laazizi, mwalimu wangu."

"Nimesikia mara ya kwanza. Kipimo hicho kinatosha kwa leo."

"Umevaa lile gauni la manjano?"

"Ndiyo, rangi ndiyo hiyo."

Mwalimu Nzai aliinua macho. "Ni waya wa rangi gani huo?"

"Wa manjano, mwalimu mkuu."

Upande wa pili Wafula alicheka hadi sarafu zake kwenye kibanda cha simu zikaisha.

Siku ya kuizindua kompyuta iliwekwa mwezi wa Mei. Mgeni rasmi alikuwa meneja wa kampuni ya Wafula. Hema liliazimwa, mbuzi akachinjwa, na kompyuta ikafunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mke wa Mwalimu Nzai, chenye pindo la maua, kama vile redio na televisheni zinavyofunikwa sebuleni. Dhahabu alichaguliwa kukaa mbele ya mashine, kwa sababu ndiye aliyekuwa hodari na sare yake haikuwa na kiraka. Kabla ya siku hiyo mwalimu mkuu hakuruhusu mtoto yeyote aiguse. Darasa zima lilijua kwamba baada ya wageni zamu zitaanza, na watoto walikuwa wamejipanga kwa ugomvi mkubwa nani atamfuata nani.

Kitambaa kikainuliwa. Watu wakapiga makofi kabla hawajaona kitu.

Dhahabu alianza kubonyeza. Pembetatu ikatembea. Ikachora ukuta, ikachora paa la kuchongoka, dirisha, na juu ya paa bomba la kutolea moshi. Ilikuwa nyumba ya picha za vitabu vya Kiingereza. Hakuna nyumba Mishomoroni yenye bomba la moshi. Wageni walipiga makofi tena, na meneja akasema bila shaka Kenya ya kesho imo mikononi mwa watoto hawa.

Dhahabu hakutabasamu. Alimvuta Nyamvula gauni.

"Mwalimu, hainisikii," alinong'ona. "Nimebonyeza kushoto, imekwenda kulia. Nimeacha kubonyeza, imeendelea. Kidole changu kina nini?"

Nyamvula aliinama kama anayeokota kitu. Nyuma ya meza aliuona waya wa kibodi. Ulikuwa umechomolewa, unaning'inia. Mashine ilikuwa ikijichezea yenyewe mchoro uliokwisha kupangwa, na mtoto aliwekwa pale kama ua la plastiki.

Aliinua uso. Ng'ambo ya umati Wafula alikuwa akimtazama, na alimkonyeza kwa furaha, kama mtu anayetaraji shukrani.

Wageni walipokwenda kula, Nyamvula alimkuta nyuma ya tangi la maji.

"Ni wewe uliyeuchomoa?"

"Ndiyo. Nilipoiwasha tu. Hakuna aliyegundua, mpenzi, imekwenda kama maji."

"Usiniite hivyo."

"Nyamvula?"

"Nimewafundisha watoto hawa muhula mzima kwamba mashine hufanya unaloiambia, si zaidi, si pungufu. Wewe umekuja siku moja ukawafundisha kwamba hufanya wanalotaka wakubwa, na kazi ya mtoto ni kukaa hapo apendeze. Hilo walikuwa wanalijua tayari, Wafula. Wanalijua tangu kuzaliwa. Hawakuhitaji kompyuta."

"Lakini nilidhani wewe ndiye..."

Nyamvula hakungoja amalize. Alikwenda zake, na hakula pilau.

Zamu hazikuanza. Jumatatu kompyuta ilihamishiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, ikafunikwa kitambaa chake, na juu ya kitambaa ikawekwa chombo cha maua. Watoto walichungulia dirishani wakafukuzwa. Nyamvula alipokwenda kuuliza, Mwalimu Nzai alimjibu kwa upole, na upole huo ndio uliomchoma zaidi.

"Mwalimu, kifaa kile ni cha thamani. Mikono hamsini yenye mafuta ya viazi? Wageni wakija watakikuta kinang'aa."

"Kililetwa kwa ajili ya watoto."

"Na kipo katika shule ya watoto. Wewe bado kijana, una moto. Kuna shule nyingi huko ndani zinazotafuta walimu wenye moto."

Nyamvula alielewa maana yake: akiendelea atahamishwa. Alitoka, akaingia darasani, akakuta watoto wamekaa kimya na vibao vya mbao vimepangwa pembeni. Hakuna aliyetaka kuvicheza. Dhahabu alikuwa ameficha mkono wa kulia chini ya dawati.

Siku ileile simu ililia ofisini na Nyamvula akaitwa.

"Bwana fundi, mashine haina hitilafu," alisema mbele ya Mwalimu Nzai. "Aliyeharibika ni fundi." Akaweka simu chini. Ililia tena juma zima, naye kila mara alikuwa na kazi darasani.

Jumapili ya tatu shangazi yake, aliyekuwa akikaa naye, alimwita kutoka uani.

"Kuna kijana mlangoni ameshika tai yake kama anasubiri kuhukumiwa. Nimfukuze au nimpe chai?"

"Mfukuze, shangazi."

"Nimeshampa chai."

Wafula alikuwa amekonda. Alisimama Nyamvula alipotoka, akamwaga nusu kikombe.

"Nataka kukuuliza neno moja, halafu niende," alisema. "Kama hukutaka ule waya uchomolewe, kwa nini uliomba?"

"Niliomba nini?"

"Siku moja kabla ya sherehe Mwalimu Nzai alinipigia kazini. Akasema umemtuma. Kwamba unaogopa watoto watakosea mbele ya wageni wakuaibishe, na unaona haya kuniambia mwenyewe. Nikapiga simu shuleni nikuulize. Akapokea yeye. Akasema uko darasani, na kwamba neno lako ni lilelile."

Nyamvula aliketi juu ya baraza. Kwa muda alisikia tu redio ya jirani. Hasira yake ilipanda upya, ikamwelekea Mwalimu Nzai na upole wake wote, kisha ikarudi ikasimama hapohapo, mbele ya kijana mwenye kikombe.

"Na wewe ukaamini."

"Alisema ni maneno yako."

"Wafula, ulikuja darasani ukamwona mtoto amegonga kabati. Uliniona mimi ninafanya nini?"

"Unacheka."

"Yule ndiye aogope watoto wakikosea? Unanijua kwa nini basi? Kwa gauni la manjano?"

Wafula hakujitetea, na hilo angalau Nyamvula alilitambua.

"Ulikuwa na miguu. Mishomoroni si kwenu Bungoma. Ungepanda gari ukaja ukaniuliza."

"Nimekosa."

"Hukunikosea mimi peke yangu. Mimi ni mtu mzima, nitapona. Kuna mtoto ameficha mkono chini ya dawati kwa sababu anadhani kidole chake ndicho kibovu. Nenda ukafikiri juu ya huyo. Usije kwangu kabla yake."

Alikwenda. Shangazi alikusanya vikombe.

Nafasi ilikuja mwezi wa Julai. Afisa wa elimu aliarifu kwamba atatembelea shule kuiona hiyo kompyuta iliyosifiwa, na Mwalimu Nzai aliwaalika wazazi wakajaze viti. Alimpigia Wafula. "Kama siku ile," alisema. Wafula alijibu kwamba amesikia.

Siku hiyo wazazi walijaa darasa la tano hadi madirishani. Mamake Dhahabu, muuza viazi vya karai, alisimama mbele kabisa, leso mbili za aina moja, uso umeng'aa kwa mafuta ya nazi. Kompyuta ilitolewa ofisini, kitambaa kikainuliwa. Wafula aliiwasha. Mwalimu Nzai alimwashiria kwa nyusi. Wafula alipeleka mkono nyuma ya meza, akaushika waya, akausukuma ndani zaidi. Kisha akarudi kusimama ukutani, mikono mbele ambako kila mtu aliiona.

Nyamvula aliona.

Dhahabu alikaa, mikono mapajani.

"Anza, mtoto mzuri," alisema Mwalimu Nzai.

Hakuanza. Nyamvula alichutama kando yake. "Bonyeza. Leo inakusikia."

"Kweli, mwalimu?"

"Usiniamini. Jaribu."

Kidole kilitoka, kikagusa mshale wa kushoto, kikarudi haraka kama kilichogusa jiko. Kwenye kioo kibao cha kijani kilisogea kushoto. Dhahabu akagusa kulia. Kikasogea kulia. Alifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na kila mara mabega yake yalishuka kidogo.

Kisha akapanga. Kibao juu ya kibao, mdomo mwekundu ukameza vinne, na pembetatu ikaanza kutembea. Ikapandisha ukuta, ikafika juu, na badala ya kugeuka ikaendelea moja kwa moja hadi pembeni mwa kioo. Paa likalala hewani, mbali na nyumba yake.

Watu walikohoa. Mwalimu Nzai alikwisha kushika kitambaa. "Mheshimiwa, mtoto amechoka, labda tuelekee kwenye chakula."

"Ngojeni," Dhahabu alisema bila kugeuka. Hakuna aliyemfundisha kumwambia afisa wa elimu angoje. "Haijakosea. Mimi nimesahau kugeuka."

Alishuka kwenye vibao vyake, akaingiza kimoja cha manjano, akaanza upya. Ukuta, kona, paa. Paa lilikuwa pana, la kushuka chini kama la makuti. Bomba la moshi halikuwepo. Mbele ya ukuta pembetatu ilichora mstari mfupi, ikasimama.

Afisa aliinamia kioo. "Na hiki cha mbele ni nini?"

"Baraza."

"Kwa nini umeiweka?"

Dhahabu alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto. "Watu watakaa wapi?"

Kicheko kilianzia madirishani kikajaza darasa. Mamake Dhahabu hakucheka. Alikuwa amejifunika mdomo kwa pindo la leso.

Ingekuwa vizuri kusema kwamba afisa alitoa amri siku ile. Hakutoa. Alisema "vizuri sana," akala pilau, akaenda zake, na jioni kompyuta ilirudi ofisini chini ya kitambaa. Mwalimu Nzai alimpigia meneja wa Wafula simu ndefu kuhusu vijana wasio na heshima.

Lakini wazazi walikuwa wameona. Jumatatu mama kumi na zaidi waliingia ofisini wamejifunga leso viunoni, mamake Dhahabu mbele.

"Hujambo, mwalimu mkuu. Tumekuja kuichukua."

"Kuichukua? Kuipeleka wapi?"

"Darasa la tano. Nyumbani hatuna haja nayo."

"Mama, kile ni kitu cha kuvunjika. Watoto watakivunja."

"Yule mtoto wangu huchota maji. Hupika, na humbeba mdogo wake mgongoni tangu ana miaka sita. Mdogo wake hajavunjika. Hicho chako kina nini?"

Mwalimu Nzai alisema ataunda kamati. Mama mmoja alitandika leso sakafuni akaketi. Wa pili akaketi. Walipoanza kumenya viazi pale ofisini, na maganda yakaanguka kwenye zulia, mwalimu mkuu alisimama mwenyewe akatoa chombo cha maua juu ya mashine. Mamake Dhahabu alikikunja kile kitambaa vizuri, pembe kwa pembe, akamkabidhi. "Mrudishie mkeo," alisema. "Kazi yake nzuri, ametaabika nayo."

Saa ya mapumziko Dhahabu alikuwa akimfundisha mtoto wa pili wa zamu, na wa pili akimsukuma awahi kuondoka.

Wafula alifika Jumapili hiyo, bila tai. Nyamvula alimkuta amesimama njiani, hajathubutu kukaribia nyumba.

"Nimesikia wamama wameichukua," alisema.

"Waliichukua kwa sababu waliona. Waliona kwa sababu hukuuchomoa waya." Alimtazama. "Na kazini?"

"Meneja amenihamishia ofisi ya uwanja wa ndege, Changamwe. Kila siku hadi Jumamosi. Sitaweza kuja shuleni tena." Alijaribu kutabasamu. "Nimebaki na Jumapili tu."

"Jumapili shule imefungwa."

"Najua. Nilifikiri nije kwenu."

"Kwetu kijana haji kila Jumapili kunywa chai ya shangazi hivihivi. Huja na wazee wake."

Gari lilipita likawatimulia vumbi, Wafula hakulikwepa. "Wazee wangu wako Bungoma. Ni mwendo wa usiku na mchana." Kisha akasita, akayageuza maneno yale moyoni, na mtu angeweza kuona usoni mwake jinsi alivyotamani kuyaelewa na jinsi alivyoogopa kuyaelewa vibaya. Safari hii hakukisia.

"Nyamvula, nakuuliza wewe, hapa, kwa kinywa chako. Niwalete?"

"Walete," alisema. "Na uwaambie mimi ni mkali."

"Hilo nimeshawaandikia."

Akamshika mkono katikati ya njia, mchana, na watu wa Mishomoroni wakawatazama walivyotaka.